Goti la Mama na programu yangu iliyodanganya

Nimekuwa kimya hapa karibu mwaka mzima, na wengine wenu mmeniandikia kuuliza kama nimepata kazi Ulaya. Sijapata. Niko palepale Huruma, ghorofa ya nne, na muda wangu wote nje ya ofisi umeliwa na goti la mama yangu. Leo nataka kuandika juu ya goti hilo, na juu ya programu niliyoiandika mwenyewe ambayo nusura iliharibu. Si habari ya kujivunia, lakini naona afadhali niiandike kuliko kuwaletea tena makala kuhusu simu mpya.

Mama ana miaka 63. Kwa zaidi ya miaka 20 aliuza mitumba, akitoka Gikomba na mzigo mgongoni na kupanda nao ngazi zetu. Nimezihesabu ngazi hizo: 68 kutoka mlango wa chini hadi kwetu. Mnaoijua Huruma mnajua kwamba ghorofa ni nyingi na lifti ni hadithi za mjini. Gegedu la goti lake la kulia lilikwisha kabisa. Kwenye eksirei mifupa miwili ilikuwa inakaa moja juu ya nyingine kama mawe ya jiko. Mwezi wa tatu mwaka jana akawekewa goti bandia. Kipande cha chuma juu, kipande cha chuma chini, na plastiki ngumu katikati. Muundo wenyewe ni wa zamani kuliko mimi: magoti mengi ya leo yametokana na lile lililotengenezwa New York mwaka 1974 na John Insall na wenzake pale Hospital for Special Surgery.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Naomba hilo lieleweke mapema. Kazi ngumu ilianza tulipofika nyumbani.

Kabla ya hapo nilidhani goti bandia ni kama kubadilisha kipuri: unatoa kibovu, unaweka kizima, unawasha. Kumbe chuma ndicho sehemu rahisi. Kinacholeta shida ni nyama iliyokizunguka. Daktari akishakata, mwili unajibu kama unavyojibu jeraha lolote: damu inajaa, maji yanajaa, goti linavimba na kuwa moto. Hiyo ni siku za kwanza. Halafu seli zinazoitwa fibroblasti zinaanza kusuka nyuzi za kolajeni ili kuziba, na kazi hiyo inaendelea kwa wiki nyingi. Kwa wengi zinaziba, zinaacha, zinajipanga upya, basi. Lakini uvimbe usipotulia, amri ya kujenga inaendelea kutolewa. Moja ya kemikali zinazoipeleka amri hiyo inaitwa TGF-beta, na seli zinazoitii zinageuka kuwa za aina inayovuta na kukaza. Kovu linakua mahali ambapo panatakiwa kuteleza. Goti linaganda. Kitaalamu wanaita athrofibrosisi. (Mama ana keloidi kwenye sikio tangu alipotobolewa akiwa msichana. Keloidi na kovu la ndani ya goti si kitu kimoja, ila TGF-beta imo katika zote mbili, na fizio alipoiona ile keloidi aliniambia tuwe macho.)

Goti linatakiwa kukunja kiasi gani? Vipimo vilivyochapishwa Marekani mwaka 1972 ndivyo bado vinatajwa: kupanda ngazi digrii 83, kukaa kwenye kiti digrii 93, kuinama kufunga kamba za viatu digrii 106. Choo chetu ni cha kuchuchumaa, kiko mwisho wa korido, na hicho kinataka zaidi ya hizo zote. Kwa hiyo kwetu sisi digrii hazikuwa mambo ya kitabuni. Chini ya 83, Mama ni mfungwa wa ghorofa ya nne.

Basi mimi nikafanya kile ambacho watu wa kompyuta hufanya wakiogopa. Nikaandika programu.

Fizio (ndivyo tulivyomwita mtaalamu wa tiba ya viungo) alikuwa na kipimapembe cha plastiki chenye mikono miwili mirefu. Nikajiambia, simu yangu ina akseleromita, kisensa kinachohisi mvuto wa dunia unavuta upande gani. Ukijua mvuto kwenye urefu wa simu na mvuto kwenye unene wake, hesabu moja tu ya atan2 inakupa pembe. Nikaifunga simu kwenye muundi wa Mama kwa bendeji ya kuvutika. Mguu ukinyooka mbele ni sifuri, ukining'inia wima ni 90. Mistari kama 40 ya JavaScript ndani ya kivinjari, inasoma mara 50, inatoa wastani, inaweka nukta kwenye grafu. (Kivinjari kilikataa kunipa data ya sensa hadi nilipouweka ukurasa kwenye HTTPS. Jioni nzima ikapotelea hapo, na hakuna ujumbe wowote wa kosa!)

Mama alilipenda lile jambo kuliko nilivyotarajia. Kila jioni, "Baba, leo tumefika ngapi?" Tulianza na 58. Wiki ya pili 70. Wiki ya tatu 81. Mwisho wa wiki ya nne simu ikasoma 92, na nikamwonyesha jirani kwenye korido kama mtu aliyefaulu mtihani.

Na kwa kuwa simu ilisema 92, tukaanza kulegeza. Nauli ya teksi kwenda kwa fizio na kurudi ilikuwa inaumiza, nikasema turuke mara moja. Tukaruka mara mbili. Mama akaanza kushuka ngazi asubuhi kukaa na wenzake na kushuka tena jioni, mimi nikimwambia hata vitabu vinasema ngazi ni 83, una ziada. Usiku akilala aliweka mto chini ya goti kwa sababu lilitulia hivyo. Nilimwekea mto huo kwa mikono yangu.

Wiki ya sita tukarudi kliniki. Fizio akaweka kile kipimapembe chake cha plastiki. Akapima, akanyamaza, akapima tena. 76. Na likinyooshwa, lilibakisha digrii 11 kabla ya kunyooka.

Nikatoa simu kubishana naye. Naam, nilibishana! Nikamwonyesha grafu. Aliitazama kwa heshima kuliko nilivyostahili, halafu akauliza swali moja: "Mama hukaa wapi ukipima?"

Hukaa kwenye kiti kirefu. Tuliambiwa tumwekee kiti kirefu ili asihangaike kuinuka, nami nikapachika mito miwili juu ya kiti cha kawaida. Sasa fikiria. Programu yangu ilipima mguu wa chini tu, ikichukulia kwamba paja limelala sawa na sakafu. Kwenye kiti kirefu paja halilali, linateremka kutoka nyonga kwenda gotini. Paja likiteremka digrii 16 na mguu wa chini ukasoma 92, goti lenyewe limekunja 76. Kadiri Mama alivyochoka na kusogea ukingoni mwa kiti, ndivyo paja lilivyoteremka zaidi, ndivyo simu ilivyompa alama nzuri zaidi. Na majaribio yangu nilikuwa nimeyafanya kwa goti langu mwenyewe, nimekaa kwenye kiti changu cha kazi, paja limelala kama rula. Nina shahada ya sayansi ya kompyuta. Kasoro ya aina hii ningemkatalia mwanafunzi wa mwaka wa kwanza.

Daktari kwanza akaagiza damu, ikiwemo kipimo cha CRP, kwa sababu goti gumu lenye joto linaweza kuwa na maambukizi, na hayo ni mambo mengine ya kutisha zaidi. Hayakuwapo. Halafu akatueleza kinachofuata. Tukifika wiki ya 12 hivi bila kupita 90, Mama atalazwa usingizi, na goti likunjwe kwa mikono hadi lile kovu lichanike. Hufanyika sana, na mara nyingi husaidia, lakini hufaa zaidi mapema kabla kovu halijakomaa, na kuna hatari yake, ikiwemo kuvunjika mfupa. Na gharama. Mama hakuuliza gharama. Aliuliza kama atasikia.

Hapo ndipo nikafanya kosa la pili, na hili lilikuwa baya kuliko la kwanza.

Tulirudi nyumbani nikiwa na hofu na wiki sita mkononi. Kila jioni nilikaa mbele yake, mkono mmoja gotini, mwingine kwenye kifundo cha mguu, nikasukuma. Mama aliuma leso. Siku ya kwanza tulipata 81, halisi, maana sasa nilipima na paja. Siku ya pili 74. Siku ya tatu 71, na goti lilikuwa jekundu, linang'aa, moto kama chapati. Nikasukuma zaidi. Jirani wa ghorofa ya tatu akaja na habari za mchuaji mmoja aliyenyoosha goti la shemeji yake kwa siku mbili. Na mimi, mtu wa sayansi, nilikuwa tayari kumwita.

Nilimpigia fizio kwanza. Namshukuru Mungu kwa hilo. Nilimsomea namba zangu. Akasema, "Acha. Acha leo hii. Hilo goti si bawaba lenye kutu. Kila ukisukuma unalichana, likichanika linavimba, likivimba linajenga kovu jingine. Wewe ndiye unayelifunga."

Akanieleza jambo lingine ambalo sikulijua. Maji yakijaa ndani ya goti, neva zinazima msuli mkubwa wa mbele ya paja. Mgonjwa anajitahidi, msuli hauitikii, na watu wa nyumbani wanadhani ni uvivu. (Nilikuwa nimeshalisema neno hilo. Si kwa sauti kubwa, lakini alisikia.)

Aliniambia nisipime pembe kwa siku tano. Nipime uvimbe. Nikashuka kwa fundi cherehani, nikanunua futi ya kupimia nguo. Goti la kushoto, katikati ya pia ya goti, lilikuwa sentimita 41. La kulia 47. Kazi yetu sasa ilikuwa kuishusha ile 47.

Barafu. Nyumba yetu haina friji, ila duka la chini lina frizi ya soda, na mwenye duka alikubali pakiti zetu za maziwa zikae humo. Nusu lita, inajikunja kidogo juu ya goti ukiipiga kwanza sakafuni. Tuliifunga kwenye leso isiunguze ngozi, dakika 15 hadi 20, mara nne au tano kwa siku. Tulikunywa chai nyingi sana ya maziwa mwezi huo. Mguu uliinuliwa juu kuliko moyo, si kuegeshwa tu kwenye stuli. Ngazi zikakatazwa isipokuwa siku ya kliniki. Mto ukatoka chini ya goti ukaenda chini ya kisigino, ili uzito wa mguu wenyewe ulinyooshe goti polepole. Ule mto wangu wa huruma ulikuwa unalifundisha goti kukaa limepinda. Na mazoezi yakawa madogo na mengi: soksi mguuni, sinia la bati kitandani, kisigino kinateleza kuja na kurudi mara kumi, kila saa, mpaka pale panapovuta na si pale panapochoma. Mama alifanya mwenyewe. Mikono yangu ilipigwa marufuku.

Kuhusu dawa: nusura nimnunulie diclofenac kwenye duka la dawa, ambapo huuzwa kama peremende. Mama ana presha. Dawa za jamii hiyo zinaweza kupandisha presha na kuumiza figo, na ndugu yao mmoja, Vioxx, aliondolewa sokoni dunia nzima Septemba 2004 kwa sababu ya mishtuko ya moyo na kiharusi. Daktari alipanga mwenyewe nini na kwa siku ngapi, baada ya kupima figo. Utafiti upo na unaendelea. Huko Denmark, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2022 yalionyesha kwamba deksamethasoni ikitolewa wakati wa upasuaji na tena kesho yake, wagonjwa wa goti huhitaji mofini kidogo zaidi siku mbili za kwanza. Mayo Clinic, Marekani, wameweka celecoxib ndani ya magoti ya sungura yaliyogandishwa, na yakanyooka vizuri zaidi. Sungura hana presha, wala hapandi ngazi 68.

Binamu yangu aliye Marekani alitaka tuchange tununue ile mashine inayokunja na kunyoosha mguu yenyewe ukiwa umelala. Wazo lake lilianza miaka ya 1970 kwa Robert Salter, daktari wa Toronto, aliyeamini kwamba kiungo kilichoumia kinapona kikitembezwa kuliko kikifungwa, na hapo alikuwa sahihi kabisa. Lakini mapitio ya Cochrane ya mwaka 2014, yaliyokusanya majaribio mengi ya mashine hiyo baada ya goti bandia, yalikuta inaongeza mkunjo kwa digrii 2 tu. Mbili! Simu yangu haiwezi hata kuzisoma kwa uhakika. Hela tukazifanyia nauli ya fizio.

Siku tano zikapita, futi ikasoma 45. Nikapima pembe, sasa kwa njia sahihi: simu kwenye paja, bonyeza, simu kwenye muundi, bonyeza, toa. 79, bila mtu kusukuma. Wiki ya nane, 44 na 84. Wiki ya tisa Mama alialikwa kwenye chama ghorofa ya kwanza, akaenda, akakaa saa tatu bila kuinua mguu, na kesho yake futi ikarudi 46 na pembe ikarudi 78. Niliweka mistari miwili kwenye grafu moja, sentimita kwa nyekundu na digrii kwa bluu. Nyekundu ikishuka, siku moja au mbili baadaye bluu inapanda. Ikipanda nyekundu, bluu inaanguka. Mgonjwa mmoja si utafiti, najua. Lakini kama ningekuwa na futi ya shilingi 50 tangu siku ya kwanza, badala ya simu ya maelfu, ningeona mwezi mmoja mapema kwamba tunakwenda vibaya.

Wiki ya 11 fizio alipima 93, kwa plastiki. Daktari akafuta habari ya kumlaza usingizi. Mama alilia kidogo kwenye korido ya kliniki, halafu akaomba tupitie Kiamaiko tununue nyama ya mbuzi.

Leo goti linakunja 108 na linabakisha digrii 3 kunyooka. Anapanda ngazi zote 68, anapumzika mara moja ghorofa ya pili. Choo cha kuchuchumaa hakiwezi na sidhani atakiweza tena. Fundi seremala alitutengenezea kiti chenye tundu, shilingi 1,500, na sasa wazee wengine wawili wa ploti yetu wanakiazima. Kupiga magoti kanisani ameacha, anasema Mungu ameona eksirei.

Goti la kushoto nalo limeanza kulia. Daktari anasema huenda likafanywa mwaka huu. Nilimwuliza Mama kama nitaruhusiwa kupima safari hii, akasema nitaruhusiwa, ila futi ataishika yeye.

Programu nimeirekebisha. Inadai paja kwanza, na haikuonyeshi digrii mpaka uingize sentimita za siku hiyo. Mimi si daktari na haitoi ushauri wowote, na goti likiwa jekundu ghafla, au likatoa usaha, au shavu la mguu likauma na kuvimba, usipime kitu, kimbia hospitali. Ni faili moja, kilobaiti 9. Anayeitaka aniandikie nimtumie.